Mazao ya kufunika udongo kwenye bustani ya mboga: mwongozo kamili wa kuyapanda, kuyafyeka na kupanda mboga juu yake

Mkulima wa mboga akisikia habari za mazao ya kufunika udongo, swali lake la kwanza huwa "nipande nini?" Mimi ningeanza na jingine: miche yako inaingia shambani lini? Zao hili halipandwi livunwe, linapandwa lifyekwe, na karibu faida yake yote inategemea siku litakapofyekwa. Likikatwa changa mno, majani yanaoza upesi na hayaachi kitu cha maana. Likichelewa, mashina yanakuwa magumu, mbegu zinapukutika, na ulichopanda kama msaada kinarudi kama gugu. Kwa hiyo tutaipanga kazi kuanzia mwisho tukirudi nyuma.

Kazi linayoifanya

Bustani ya mboga huchoka haraka kuliko shamba la nafaka. Inalimwa mara nyingi, inamwagiliwa kila mara, na kinachovunwa mara nyingi ni mmea karibu mzima, hivyo mabaki yanayorudi ni machache. Udongo ukikaa wazi kati ya msimu na msimu, matone ya mvua huvunja chembe za juu, zile ndogo huziba vitundu vya hewa, na jua likiwaka kunabaki gamba. Mvua inayofuata haizami tena, inateleza.

Zao funikizi linapambana na hali hiyo juu na chini. Juu, majani hupokea kishindo cha mvua na kuyanyima magugu mwanga. Chini, mizizi hai hutoa sukari inayolisha bakteria na kuvu, na ute wa viumbe hao ndio unaoshikanisha chembe za udongo ziwe vitonge vyenye nafasi za hewa na maji. Mimea ya jamii ya kunde huongeza naitrojeni inayotoka hewani kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Mtama, uwele na nyasi nyingine haziongezi naitrojeni mpya, ila zinainasa ile iliyobaki baada ya mboga kabla mvua haijaizamisha mbali na mizizi.

Kuna kitu kimoja ambacho zao hili haliwezi: kuumba fosforasi au potasiamu. Linaweza kuvichota kutoka chini na kuvirudisha juu, basi. Udongo wako ukiwa na upungufu wa fosforasi, hata kunde zenyewe zitadumaa, na utaishia kulaumu mbegu.

Hesabu ya siku

Chukua tarehe ya kupandikiza miche. Rudi nyuma wiki mbili hadi tatu: hapo ndipo zao funikizi linapofyekwa na kufukiwa. Rudi tena kwa muda linaouhitaji kukua: hiyo ndiyo tarehe ya kusia. Kunde hufikia kuchanua ndani ya siku 50 hadi 60 kwa aina nyingi, kwa hiyo tangu kusia hadi kupandikiza utahitaji kama wiki 10 hadi 12. Marejea, mmea mwingine wa jamii ya kunde, huwa tayari kati ya wiki 8 na 10. Fiwi na mukuna, nazo za jamii ya kunde na zinazotambaa, ni za subira. Fiwi huchukua miezi mitatu au zaidi, mukuna minne hadi sita. Mtama na uwele wiki 8 zinatosha.

Ukikuta nafasi uliyonayo kati ya mboga moja na nyingine ni wiki tano tu, usijidanganye kwamba kunde "zitatoa chochote". Kwa muda huo panda bakwiti, ambayo huchanua ndani ya mwezi mmoja na kidogo, au tandaza nyasi kavu uachane na habari ya kusia. Kwa wenye majira ya baridi kali hesabu ni ileile, ila zao linaingia ardhini joto likianza kupungua. Rai (nafaka ya nchi za baridi) iliyochanganywa na vechi (ya jamii ya kunde) huvuka baridi na kufyekwa joto linaporudi, na oti huuawa na barafu yenyewe ikakuachia matandazo.

Kuchagua kulingana na mboga inayofuata

Mboga zinazokula naitrojeni kwa wingi, kama kabichi, mahindi mabichi, nyanya na mboga za majani, zifuate jamii ya kunde. Karoti na viazi vitamu haviwiani na naitrojeni nyingi, majani yatajaa na mizizi itabaki myembamba. Hivi vifuate mtama, uwele au mchanganyiko. Maharage na njegere visipandwe baada ya zao funikizi la jamii yao wenyewe, maana magonjwa na wadudu ni walewale. Kwa sababu hiyohiyo, haradali na figili zisitangulie kabichi.

Kama ningelazimika kubaki na zao moja tu kwa bustani ndogo yenye joto, ningechukua kunde. Mbegu zake hupatikana, huota haraka, huvumilia ukame, na zinasamehe makosa. Hata hivyo zina udhaifu unaostahili kutajwa: aina nyingi za kunde hubeba minyoo fundo, wale wanaovimbisha mizizi ya nyanya na bamia. Ukiwa uling'oa nyanya ukakuta mizizi imejaa uvimbe, kunde si chaguo lako, na fiwi pia iweke kando. Hapo panda marejea. Mnyoo fundo hashindwi kuingia kwenye mizizi ya marejea, ila akishaingia anashindwa kukua na kuzaana, na idadi yake hupungua msimu kwa msimu. Mukuna nayo husaidia.

Marejea na mukuna vina sharti lake. Mbegu za marejea zina sumu kwa mifugo, na mbegu za mukuna zina kemikali isiyofaa kuliwa ovyo na watu wala wanyama. Mtama mchanga nao, hasa uliopigwa na ukame au unaochipua upya, una sumu ya sianidi inayoweza kumwua ng'ombe. Usiruhusu mifugo ichungie humo ukiwa chini ya kimo cha kiuno.

Mchanganyiko wa jamii ya kunde na nyasi mara nyingi hushinda zao moja. Kunde hupanda juu ya mtama, mtama hunasa naitrojeni iliyomo ardhini na kuzilazimisha kunde zitafute yake hewani, na mabaki yanaoza kwa mwendo wa wastani. Kosa la kawaida ni kuweka mtama mwingi ukazifunika kunde. Theluthi moja ya kiwango cha kawaida cha mtama inatosha kabisa.

Kuandaa mbegu na kusia

Kwanza pima uchachu wa udongo kama unaweza. Chini ya pH 5.5 (namba ikishuka, uchachu unazidi) jamii ya kunde nyingi hukosa nguvu ya kuunda vinundu, na chokaa itakusaidia kuliko mbegu nyingi.

Pili, kama ardhi hiyo haijawahi kupandwa kunde au jamaa zake, paka mbegu unga wa bakteria wa rizobia, wale wa kwenye vinundu. Lazima uwe wa kundi linalofaa zao lako. Ule wa soya hauna kazi kwenye kunde. Bakteria hao ni viumbe hai, kwa hiyo angalia tarehe ya mwisho ya matumizi, hifadhi pakiti mahali pa baridi, na changanya kivulini. Lowesha mbegu kidogo kwa maji yenye sukari ili unga ushike, geuza polepole hadi kila mbegu ipate rangi, kisha sia siku hiyohiyo. Ukiziacha juani saa nzima umewaua.

Kiasi cha mbegu ndicho watu wanachokosea zaidi, kwa sababu wanafuata nafasi za zao la chakula. Hapa tunataka msongamano, ardhi isionekane ndani ya mwezi mmoja. Kwa kutawanya, kunde ziwe gramu 6 hadi 10 kwa kila mita moja ya mraba, sawa na kilo 60 hadi 100 kwa hekta. Marejea, ambayo mbegu zake ni ndogo, gramu 3 hadi 5. Mukuna hupandwa kwa vishimo, sentimita 50 kwa 30, mbegu moja au mbili kila shimo.

Tawanya nusu ya mbegu ukienda kwa urefu wa tuta na nusu nyingine ukikatiza, ili kusiwe na mabaka. Pitisha reki mbegu zifunikwe: kunde sentimita 2 hadi 4, marejea 1 hadi 2. Kanyagia au gandamiza kwa ubao ili mbegu igusane na udongo. Mwagilia kama mvua haijaja. Kumwaga mbegu juu ya ardhi iliyolala na magugu na kutegemea zijitafutie njia ni kulisha ndege.

Wiki za katikati

Kazi ni chache. Palilia mara moja tu, wiki ya pili au ya tatu, kabla majani hayajakutana. Jaza mapengo upesi, kwa sababu kila pengo litakuwa la magugu. Usiweke mbolea ya naitrojeni kwenye jamii ya kunde. Mmea ukipata naitrojeni ya bure ardhini hautajisumbua kuwalisha bakteria.

Wiki ya tano au ya sita, fanya uchunguzi mmoja ambao hauna gharama. Chimbua mche wa kunde kwa jembe, usiung'oe kwa mkono, maana vinundu hukatika na kubaki ardhini. Suuza mizizi kwenye ndoo taratibu. Utaona vijipira vidogo vimeng'ang'ania upande wa mzizi. Kimoja kikipukutika kwa kuguswa, ndicho kinundu. Uvimbe ambao ni sehemu ya mzizi wenyewe na haubanduki, huo ni wa minyoo fundo. Pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi au nyekundu, kiwanda kinafanya kazi. Kukiwa kijani au kahawia, kimezeeka. Vikiwa vyeupe, au kama hakuna vinundu kabisa na majani yamepauka, bakteria hawakufika au udongo ni mchachu mno, na zao hilo lihesabu kama matandazo, si mbolea.

Siku ya kufyeka

Jamii ya kunde ifyekwe inapoanza kuchanua, wakati maua yameonekana kwa takriban nusu ya mimea na maganda bado hayajajaa. Kabla ya hapo mmea bado unajenga. Baada ya hapo naitrojeni inahamia kwenye mbegu na mashina yanakomaa.

Sababu ya haraka hii iko kwenye uwiano wa kaboni na naitrojeni. Viumbe wanaoozesha mabaki wanahitaji naitrojeni kwa ajili ya miili yao. Majani ya kunde changa yana sehemu 10 hadi 20 za kaboni kwa moja ya naitrojeni, kwa hiyo wanapokula wanabakiza, na mboga zako zinapata. Uwiano ukipita 30, kama kwenye mtama uliokomaa, wanakosa na kuanza kuichukua naitrojeni iliyomo udongoni. Ndipo mkulima anapofukia mabua mengi, anapandikiza kabichi, na kabichi inageuka njano kana kwamba shamba limelogwa. Naitrojeni haijapotea. Imo ndani ya miili ya viumbe hao na itarudi wiki kadhaa baadaye, wakati kabichi imeshadumaa.

Mtama na uwele vifyekwe kabla havijatoa masuke, na ujue kwamba mtama huchipua tena. Ukitaka ufe, kata chini kabisa na ung'oe visiki. Ukitaka mabaki zaidi, ukate katikati ya msimu ukiacha kisiki cha sentimita 15 au 20, uache uchipue, ufyeke mara ya pili.

Penye uhaba wa maji, fyeka mapema kuliko hesabu inavyosema. Zao funikizi linakunywa, na unyevu linaoutumia wiki za mwisho ndio ambao miche yako ingeutumia. Ni heri mabaki machache na ardhi yenye unyevu.

Kufukia, kulaza au kufunika kwa turubai

Kufukia hutoa naitrojeni haraka. Fyeka, katakata vipande vya urefu wa kiganja, acha vinyauke siku moja au mbili, kisha changanya na udongo wa juu, sentimita 10 hadi 15 tu. Kufukia kwa kina kirefu kunayanyima mabaki hewa na yanachacha badala ya kuoza. Halafu subiri. Wiki mbili ni kima cha chini kwenye joto na unyevu. Penye ubaridi ziwe tatu au nne. Katika siku hizo kuvu wanaonyausha miche kitaluni hustawi kwenye majani mabichi, na nzi wa mbegu huvutwa na harufu kuja kutaga. Chimbua kidogo uangalie: ukitambua bado majani mabichi yanayoteleza, muda haujafika.

Kulaza ni kuacha mabaki yote juu yawe matandazo. Kwenye eneo dogo unakata usawa wa ardhi kwa panga au fyekeo na kuyalaza upande mmoja. Udongo hausumbuliwi, unyevu unabaki, magugu yanachelewa. Naitrojeni hutoka polepole na sehemu yake hupotelea hewani. Njia hii huzifaa nyanya, pilipili hoho, biringanya, maboga na matango, mboga zinazoingia kama miche mikubwa au mbegu kubwa. Karoti na mchicha zisijaribiwe hapo. Mbegu ndogo hazipenyi, na mabaki ya mtama hutoa kemikali zinazozuia mbegu ndogo kuota. Tabaka liwe nene kweli, angalau sentimita 8 baada ya kunyauka, la sivyo magugu yatapita katikati na kupalilia kutakuwa shida mara mbili.

Turubai jeusi ni kwa asiyetaka kulima na ana shaka na visiki. Fyeka, mwagilia, tandika, bana kingo kwa mawe au mifuko ya mchanga. Wiki tatu hadi nne kwenye joto zinatosha kuua zao na kuchosha magugu yaliyoota. Ndago hazifi kwa turubai la mwezi mmoja, hilo lisikupe matumaini.

Kupanda mboga, na kupunguza mbolea

Kwenye matandazo, fungua shimo dogo tu la mche, sukuma mabaki umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, panda, mwagilia. Shina likigusana na mabaki mabichi linaoza, na sota, viwavi wanaokata miche, hujificha hapo hapo. Juu ya mtama au mchanganyiko wenye nyasi nyingi, weka mboji au samadi iliyoiva ndani ya kila shimo ili mche usikose naitrojeni wiki za mwanzo.

Kiasi gani cha mbolea kipungue? Usikisie, pima. Kabla ya kufyeka, kata mimea yote iliyomo ndani ya mita moja ya mraba, sehemu yenye ustawi wa wastani. Kausha hadi majani yakatike ukiyavunja, pima uzito. Tuseme umepata gramu 400. Kunde zinazoanza kuchanua zina naitrojeni kama asilimia 3.5 ya uzito mkavu, yaani gramu 14. Ukifukia, karibu nusu hupatikana kwa mboga ya kwanza, gramu 7. Ukilaza, hesabu pungufu ya hapo. Kwa eneo la mita 100 za mraba hiyo ni gramu 700, sawa na takriban kilo moja na nusu ya yurea ambayo hutahitaji kununua. Kabichi inayotarajiwa kutoa mavuno mazuri huhitaji gramu 15 hadi 20 kwa mita ya mraba, kwa hiyo zao limekulipia theluthi hadi karibu nusu. Linalobaki litatoka kwenye akiba ya udongo, samadi au mbolea. Anayekuambia umeachana na mbolea kwa msimu mmoja wa kunde hajapima.

Shamba likiwa dogo

Pingamizi la kweli ni nafasi: nani atalaza ardhi miezi mitatu bila kuvuna? Gawanya bustani matuta manne au matano, na kila msimu tuta moja tu lipewe zao funikizi, likizunguka. Lipe lile lililo hoi kuliko yote. Njia nyingine ni kusia chini ya mboga iliyosimama: nyanya au mahindi mabichi yakishapaliliwa mara ya mwisho, tawanya kunde au marejea kati ya mistari. Mboga ikimaliza, zao tayari limeshaota na kusimama, na umeokoa mwezi. Usisie mapema kuliko hapo, litashindana na mboga kwa maji.

Kujua kama udongo unabadilika

Mavuno ya msimu wa kwanza ni shahidi dhaifu, mvua na wadudu huyachezea. Chukua kitonge kikavu chenye ukubwa wa yai kutoka tuta lililofunikwa na kingine kutoka lisilofunikwa, uvitumbukize kila kimoja kwenye mtungi wa kioo wenye maji. Kile dhaifu hubomoka ndani ya dakika chache na maji kuwa tope. Chenye afya hukaa na maji hubaki karibu safi. Rudia kila mwaka wakati uleule, tuta lilelile. Pia gongomea ardhini mkebe uliotolewa mfuniko na kitako, mimina kipimo kilekile cha maji, na andika muda yanaochukua kuzama.

Mbegu za msimu ujao

Acha kipande kidogo pembeni, mbali na matuta ya mboga, kikomae hadi maganda yakauke. Kunde na marejea zichumwe asubuhi kabla maganda hayajapasuka kwa jua. Kausha kivulini, toa zilizotobolewa, weka kwenye chombo kisichopitisha hewa kilichojaa hadi juu ili wadudu wakose hewa ya kuzaliana. Mbegu za marejea na mukuna ziandikwe jina kwa herufi kubwa na zikae mbali na chakula cha watu na cha mifugo.